"Sheikh, filamu hiyo umeiona?"
Swali la kijana mmoja na mapumziko yetu ya mwisho wa wiki

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyempa mwanadamu jicho la kuonea na akili ya kupambanulia. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na wote wenye kufuata mwenendo wake kwa wema hadi siku ya malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, wiki hii nataka tuzungumze jambo ambalo limo ndani ya kila nyumba yetu, nalo ni filamu. Usiku wa leo, mara tu baada ya Isha, na pengine kabla yake, vijana wetu wengi wataanza kile wanachokiita mapumziko ya mwisho wa wiki, na mapumziko hayo kwa sehemu kubwa ni kutazama filamu na kubishana juu yake. Wapo watakaokwenda kwenye vibanda vya mtaani kutazama filamu za kigeni zenye msimulizi wa Kiswahili. Wapo watakaobaki sebuleni na mama zao wakifuatilia tamthilia. Na wapo watakaojifunika shuka na simu zao, wakatazama peke yao mpaka karibu na adhana ya Alfajiri.

Nimekuwa nikilisemea jambo hili kwa miaka mingi. Lakini miezi kadhaa iliyopita kijana mmoja wa mtaani kwangu aliniuliza swali lililonifanya nirudi nyuma na kujitazama mwenyewe kabla ya kuwatazama wengine. Ni haki nanyi mlisikie.

Swali lenyewe

Siku ya Ijumaa moja nilizungumza kwa ukali katika darasa la baada ya Magharibi kuhusu filamu iliyokuwa gumzo la mjini. Nilikuwa nimetumiwa kipande chake cha dakika moja kwenye simu. Kipande kile kilionyesha mtu akiudhihaki msikiti, nami damu ikanichemka. Nikasema mtengenezaji wake ni adui wa dini, na anayeitazama ni mshirika wake.

Darasa lilipokwisha, kijana huyo, ambaye nimemfundisha tangu akiwa katika juzuu ya Amma, akanisubiri mlangoni. Akanisalimu kwa adabu yake ile ile, kisha akauliza: "Sheikh, samahani, filamu hiyo umeiona?" Nikamwambia sikuiona wala sina haja ya kuiona. Akainamisha kichwa, akasema, "Haya, Sheikh," akaenda zake. Ijumaa iliyofuata hakuja darasani, wala ile iliyofuata.

Ndugu msomaji, sisi tuliosoma usuli tunaijua kanuni isemayo kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu kitu hicho. Tumeihifadhi tukiwa vijana na tunaifundisha kwa wanafunzi wetu. Na katika Suratul Hujurat, aya ya 6, Mola ametuamrisha tuichunguze habari kabla ya kuitenda, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Vilevile katika Suratul Israa, aya ya 36, ametukataza kuyafuata tusiyoyajua, akatukumbusha kuwa masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Mimi nilikuwa nimewahukumu watu kwa kipande cha dakika moja.

Basi niliitafuta filamu ile nikaitazama yote. Nilikuta mambo mawili. La kwanza ni kwamba yule mwenye kuudhihaki msikiti ndiye mtu mwovu wa kisa kile, na kisa chenyewe kinamlaani mpaka mwisho. La pili ni kwamba filamu ile ina ubaya mwingine wa kweli, wa uchi na wa kuifanya zinaa ionekane kama mchezo, ambao haukuwemo katika kipande nilichotumiwa. Kwa hiyo nilikuwa nimeilaumu kwa kosa isilokuwa nalo, na nikanyamaza juu ya kosa ililokuwa nalo. Mwenye kuiona filamu na kunisikiliza angesema nini juu ya elimu yangu? Angesema Sheikh hajui anachokisema, na katika hilo angekuwa mkweli.

Niliporudi darasani nililisema kosa langu mbele ya wote, kisha nikaenda nyumbani kwa kijana yule.

Hesabu ya mwisho wa wiki

Nilimkuta na mama yake. Baba yake amefariki, Mungu amrehemu, na mama anawalea wanawe kwa kukaanga maandazi na kuyauza asubuhi. Tulizungumza vizuri. Nilimwomba anieleze, bila ya kuogopa, mapumziko yake yalivyo, naye akanieleza kwa furaha ya mtu anayekipenda kitu. Anawajua waongozaji wa filamu kwa majina na miaka ya kazi zao. Ana maoni juu ya kila filamu mpya, ipi imeharibiwa na mwisho wake na ipi imebebwa na mwigizaji mmoja tu. Kwa hakika nilistaajabu. Laiti kumbukumbu ile tungeielekeza katika majina ya wapokezi wa Hadithi!

Kisha tukakaa tukahesabu pamoja. Ijumaa usiku filamu mbili, takriban saa nne. Jumamosi alasiri kwenye kibanda filamu nyingine mbili, saa nne tena. Jumamosi usiku sehemu sita za tamthilia, kila moja robo tatu ya saa, jumla saa nne na nusu. Jumapili filamu mbili, saa nne. Jumla ni saa kumi na sita na nusu. Tukazidisha kwa wiki 52 za mwaka, ikawa saa 858. Tukagawa kwa 24, zikapatikana siku zipatazo 36 kamili, mchana na usiku, bila ya kula wala kulala.

Kijana alinyamaza. Mama yake, aliyekuwa akichekecha unga ukumbini, akasema neno moja tu: "Na Jumamosi na Jumapili maandazi nayakanda peke yangu." Hakulisema kwa hasira. Lakini mimi naamini neno lile lilikuwa na uzito kuliko hotuba zangu zote.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari, kwamba zipo neema mbili ambazo watu wengi wanapata hasara ndani yake, nazo ni afya na wasaa. Kijana huyu anazo zote mbili. Hakuiba, hakulewa, hakumdhulumu mtu. Ila Alfajiri ya Jumamosi na ya Jumapili zinampita usingizini, na mama yake anaikesha riziki ya nyumba peke yake. Hapo ndipo penye hasara, kabla hata hatujauliza ndani ya filamu mna nini.

Je, dini inakataza burudani?

Wapo watakaosema: basi na zifungwe zote, tupumzike. Jawabu hilo ni jepesi mno. Hanzala, sahaba mtukufu, aliingiwa na hofu kwamba amekuwa mnafiki kwa sababu akiwa na Mtume moyo wake unalainika, na akirudi nyumbani anacheza na watoto na kusahau. Mtume (S.A.W.) akamfahamisha kuwa moyo una saa hii na saa ile. Hadithi hiyo imo katika Sahihi Muslim. Na Bukhari na Muslim wamepokea jinsi Wahabeshi walivyocheza kwa mikuki yao msikitini siku ya Idi, na Mtume akamsitiri Bibi Aisha (R.A.) ili atazame, akasimama naye mpaka alipotosheka mwenyewe. Bibi Aisha akawausia watu wazingatie hamu ya binti mdogo juu ya mchezo.

Ama visa na masimulizi, Qur'ani yenyewe imevitumia kuwalea waumini. Suratul Yusuf ni kisa kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho wake, chenye husuda, kisima, jela, njaa na msamaha. Lakini tukumbuke pia habari ya Nadhr bin Harith. Wanahistoria wa Sira wanasimulia kwamba alikwenda Hira, akajifunza visa vya wafalme wa Fursi na mashujaa wao Rustam na Isfandiyari, kisha Mtume alipoinuka katika kikao chake, yeye hukaa pale pale na kuwavuta watu kwa visa vile ili wasahau waliyoyasikia. Baadhi ya wafasiri wameihusisha habari hiyo na aya ya 6 ya Suratu Luqman. Kwa hiyo kisa kinaweza kumrudisha mtu kwa Mola wake, na kisa kinaweza kumpoteza. Chombo ni kimoja, makusudio ndiyo tofauti, na wanazuoni wamesema njia huchukua hukumu ya kule inakofikisha.

Sheikh Yusuf al-Qaradawi, aliyefariki mwaka 2022, aliizungumzia sinema katika kitabu chake cha halali na haramu kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1960. Aliihesabu kuwa ni chombo kinachopimwa kwa matumizi yake, akaweka masharti: yaliyomo yasiharibu imani wala maadili, kutazama kusimsahaulishe mtu wajibu wake wa dini na dunia, na mtazamaji aepukane na mchanganyiko wenye fitna. Wapo wanazuoni wasiokubaliana naye, na tunawaheshimu. Lakini hata mwenye msimamo mkali zaidi atakubali kwamba masharti haya ni mizani ambayo mzazi anaweza kuishika mkononi.

"Mbona Saudia wamefungua?"

Kijana yule aliniuliza pia swali ambalo najua wengi mnaulizwa na watoto wenu. Ikiwa Saudia, yenye Makka na Madina, imefungua majumba ya sinema, kwa nini sisi tunakatazwa?

Tuyaeleze mambo kama yalivyo. Majumba ya sinema yalifungwa katika nchi ile mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya tukio la kutekwa Msikiti Mtukufu wa Makka mwaka 1979 na mabadiliko yaliyofuata. Yalikaa hivyo kwa takriban miaka 35. Desemba 2017 serikali ilitangaza kuyaruhusu tena, na tarehe 18 Aprili 2018 filamu ya kwanza ikaonyeshwa Riyadh, nayo ni Black Panther ya Marekani. Desemba 2021 mji wa Jeddah ukawa na tamasha lake la kimataifa la filamu. Lakini Januari 2017, mwaka ule ule wa tangazo, aliyekuwa Mufti Mkuu wa nchi hiyo, Sheikh Abdulaziz Al ash-Sheikh, ambaye alifariki Septemba 2025, alikuwa ameonya hadharani juu ya sinema na matamasha ya muziki.

Nini tunajifunza? Tunajifunza kwamba uamuzi wa serikali ni jambo moja na hukumu ya sharia ni jambo jingine. Serikali ya Saudia ilitaja uchumi, ajira na mahitaji ya raia wake vijana. Hizo ni sababu za utawala. Sisi hatukuzikataza filamu kwa kuwa Saudia ilizifunga, basi na tusizihalalishe kwa kuwa imezifungua. Dalili yetu ni Kitabu na Sunna, na kipimo chetu ni yaliyomo.

Wala sisi watu wa pwani hatukungoja Riyadh. Wazee wetu wa Unguja, Tanga, Mombasa na Dar es Salaam walikwenda sinema miaka ya 1950 na 1960, na filamu za Kihindi kama Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, zilikuwa gumzo la mabarazani. Lakini palikuwa na utaratibu. Yalikuwepo maonyesho maalumu ya wanawake peke yao, na familia nzima ilitoka pamoja na kurudi pamoja. Kisa kilichoonwa na watu wa nyumba moja kilizungumzwa na watu wa nyumba hiyo. Leo baba yupo sebuleni, mama jikoni, na kila mtoto na skrini yake chumbani. Sheria yetu ya filamu ya mwaka 1976 imeweka Bodi ya kukagua na kupanga madaraja ya umri, na hilo ni jema, lakini hakuna bodi inayoweza kuingia chini ya shuka la mtoto.

Somo la filamu ya Ar-Risala

Wengi wetu tuliokua miaka ya 1980 tuliiona filamu ya Ar-Risala, yaani The Message, kwa kanda za video. Tuliitazama tumejazana chini kwenye jamvi, na Hamza alipouawa Uhud walilia hata watu wazima. Aliyeitengeneza ni Moustapha Akkad, Msiria aliyehamia Marekani. Aliitoa mwaka 1976, kwa Kiingereza na kwa Kiarabu, kila lugha na waigizaji wake. Kwa Kiingereza Hamza aliigizwa na Anthony Quinn, na kwa Kiarabu na Abdallah Gheith. Mtume (S.A.W.) hakuonyeshwa wala sauti yake haikusikika, kwa kuchunga heshima yake.

Juu ya hivyo, kabla watu hawajaiona ulienea uvumi kwamba Quinn ameigiza nafasi ya Mtume. Machi 1977, mjini Washington, kundi la watu wenye silaha liliteka majengo matatu na kuwashika mateka watu wapatao 150 kwa siku mbili. Kijana mmoja mwandishi wa habari aliuawa. Kiongozi wa kundi lile alikuwa na jeraha kubwa, kwani familia yake iliuawa mwaka 1973, lakini miongoni mwa madai yake lilikuwemo hili, kwamba filamu hiyo iondolewe. Waliomtuliza ni mabalozi wa Misri, Pakistani na Irani, waliozungumza naye kwa aya za Qur'ani mpaka akawaachia mateka. Filamu yenyewe haikuwa na kosa walilolidhania.

Yasiishie hapo. Novemba 2005, Akkad alikuwa katika hoteli mjini Amman, Jordan, pamoja na binti yake, wakati wafuasi wa Al-Qaida walipolipua mabomu katika hoteli tatu, moja wapo ikiwa na harusi. Wote wawili walifariki. Mtu aliyetumia umri wake kuwaeleza walimwengu Uislamu aliuawa na waliodai kuupigania. Na mwaka 2018 filamu yake, iliyowahi kupigwa marufuku katika nchi kadhaa za Kiislamu, ikaonyeshwa katika majumba ya sinema ya Saudia.

Nilipomsimulia kijana habari hii alinitazama, nami nikajua anachokifikiri. Dakika moja ya simu yangu na uvumi wa mwaka 1977 ni mti mmoja, matawi mbalimbali.

Filamu za siku hizi na macho ya muumini

Ama filamu zenyewe, tusizifanye zote kundi moja.

Lipo kundi linalomdhulumu Muislamu waziwazi. Mwanazuoni wa Marekani mwenye asili ya Lebanoni, Jack Shaheen, aliyefariki mwaka 2017, alipitia filamu zaidi ya 900 zenye Waarabu ndani yake na kuandika kitabu mwaka 2001. Alikuta chache mno zinazowaonyesha kama watu wa kawaida, wenye watoto, kicheko na huzuni. Nyingi zilimfanya Mwarabu kuwa gaidi, tajiri mpumbavu au mkatili kwa wanawake. Mtoto wetu anayetazama filamu kama hizo kila Jumamosi, akishangilia pamoja na kibanda kizima anapouawa mtu mwenye jina kama la babu yake, anafundishwa kujichukia mwenyewe pasi na mwalimu.

Lipo kundi linalotupendeza kwa kanzu na vilemba, na hili nawaambia akina mama zaidi. Tamthilia za Kituruki zimeingia majumbani mwetu kwa sauti za Kiswahili. Ile ya Sultan Suleiman, iliyotengenezwa kati ya mwaka 2011 na 2014, imependwa nchi nyingi. Lakini Novemba 2012 Recep Tayyip Erdogan, wakati huo akiwa Waziri Mkuu, aliilaumu kwa kusema Suleiman anayemjua yeye alikaa miaka 30 juu ya farasi, si ndani ya makao ya wake zake. Suleiman alitawala tangu 1520 hadi 1566, na alifariki akiwa vitani Hungaria. Tamthilia si kitabu cha historia. Kumtaja Mungu ndani yake hakuifanyi kuwa darasa.

Na lipo kundi la tatu, ambalo kijana yule ndiye aliyenifungulia macho, nami simwonei haya kumshukuru. Aliniletea filamu ya Kisomali ya mwaka 2021, ya mwongozaji Khadar Ayderus Ahmed, ijulikanayo kwa Kiingereza kama The Gravedigger's Wife. Ilipata tuzo kuu ya tamasha la FESPACO, Ouagadougou, mwaka huo huo. Ni kisa cha Guled, mchimba makaburi wa Djibouti. Yeye na wenzake husubiri nje ya hospitali na koleo zao, kwa kuwa riziki yao ni maiti ya mtu mwingine. Kisha mke wake Nasra anaugua figo, na fedha za upasuaji hana. Mtu aliyekuwa akiyangoja mauti ya wengine sasa anayakimbia mauti ya wake, na anatembea kwa miguu jangwani kwenda kijijini kwao kutafuta msaada. Tuliitazama Jumamosi moja baada ya Asri, vijana sita na mimi. Baada ya hapo tulizungumza habari za haki ya mgonjwa, jamaa waliokatana, na umaskini, mpaka adhana ya Magharibi. Sikuwa nimeandaa mada.

Vilevile zipo filamu za Palestina. No Other Land, iliyotengenezwa na Wapalestina na Waisraeli kwa pamoja kuhusu kubomolewa kwa vijiji vya Masafer Yatta, ilipata tuzo ya Oscar Machi 2025, na wiki chache baadaye mmoja wa watengenezaji wake Wapalestina alipigwa na walowezi kisha akakamatwa na jeshi. Septemba 2025, tamasha la Venice lilitoa tuzo yake ya pili kwa ukubwa kwa filamu ya Mtunisia Kaouther Ben Hania kuhusu Hind Rajab, mtoto wa miaka mitano aliyebaki hai ndani ya gari lenye maiti za jamaa zake huko Gaza, tarehe 29 Januari 2024, akiomba msaada kwa simu kwa watu wa Hilali Nyekundu. Wahudumu wawili waliotumwa kumwokoa waliuawa, na mwili wake ulipatikana siku 12 baadaye. Ndani ya filamu hiyo inasikika sauti yake mwenyewe.

Je, watoto wetu waitazame? Hapa rai yangu ni hii: wakubwa ndiyo, wadogo hapana, na mzazi aitazame kwanza. Moyo wa mtoto haukuumbwa kubeba kila kilio. Na mkubwa akishaitazama, asiifanye burudani ya kupitisha usiku, kisha akageukia filamu ya vichekesho. Baada ya kuona dhuluma ipo dua, ipo sadaka, na ipo kuusema ukweli.

Nasaha kwa wazazi na kwa vijana

Ndugu zangu, kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Na Suratut Tahrim, aya ya 6, imetuamrisha kuzikinga nafsi zetu na ahali zetu na Moto. Kukinga si kupiga kelele. Kwa hiyo nawausia haya:

Kwanza, hesabuni. Kaeni na watoto wenu mzihesabu saa za Ijumaa usiku hadi Jumapili, kama tulivyofanya. Na baba naye azihesabu zake za mpira.

Pili, Swala iwe ndiyo inayoipangia filamu wakati wake, wala si filamu kuipangia Swala. Filamu inayomalizika saa nane za usiku imekwisha kuila Alfajiri, hata kama ndani yake hamna neno baya.

Tatu, tazameni pamoja, mahali pa wazi. Panapofika pasipofaa, ruka au zima, na useme kwa nini. Mtoto anayenyang'anywa bila ya maelezo huenda kutazama kwa jirani.

Nne, tusihukumu kwa kipande cha simu. Hili naanza kujiusia mwenyewe. Kabla ya kukisambaza, uliza: kimekatwa kutoka wapi, na aliyekikata anataka nini?

Tano, wazazi na walimu wa madrasa tuwasikilize vijana wanapotoa maoni yao juu ya filamu. Mtoto anayesema kwa nini mtu fulani katika kisa alikosea, huyo anajifunza kupambanua haki na batili. Tusipomsikiliza sisi, atasikilizwa kibandani. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Na nyinyi vijana, mnaojua majina ya waigizaji mia, jiulizeni: mama yako yuko wapi wakati unatazama? Amebeba nini peke yake?

Mtataka kujua kijana yule amefikia wapi. Sitawadanganya kwamba ameacha filamu, wala sikumtaka aziache zote. Amerudi darasani. Ijumaa usiku anatazama moja, si mbili, na Jumamosi nyingi namwona safu ya pili katika swala ya Alfajiri. Jumapili bado inamshinda mara kwa mara. Lakini mama yake amenieleza kuwa Jumamosi unga unakandwa na mikono minne, na wakati wa kukanda kijana humsimulia filamu aliyoiona jana, naye mama humkatiza kwa maswali mpaka mafuta yanapopata moto.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie macho yanayoona haki na kuifuata, ndimi zisizohukumu pasi na ujuzi, na watoto watakaokuwa vitulizo vya macho yetu duniani na Akhera. Awarehemu waliodhulumiwa Gaza na kila pahala, awape subira walio hai na Pepo waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.